Imetoka sevisi, sasa haivuti: kweli betri imekufa?

Fundi, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma safu hii kwa muda mrefu bila kuandika. Leo nimeshindwa kunyamaza, kwa sababu pikipiki yangu ya umeme, ambayo ndiyo miguu yangu, imerudi kutoka sevisi ikiwa si ile niliyoipeleka.

Ni pikipiki ya ukubwa wa kati, betri yake ni ya kilowati-saa 4.4, na gurudumu la nyuma linazungushwa kwa mkanda. Ninayo kwa miaka miwili na nusu sasa, na imetembea kilomita 19,000. Kila siku ya kazi ninakwenda na kurudi jumla ya kilomita 62, njia ile ile, saa zile zile. Nilikuwa naondoka nyumbani na asilimia 100 na kurudi na 31. Iwe mvua iwe jua, tofauti ilikuwa asilimia mbili tatu tu. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka kabla ya daraja nilikuwa nafika kilomita 95 kwa saa bila kuilazimisha.

Wiki tatu zilizopita niliipeleka kwa wakala aliyeniuzia, sevisi ya kawaida. Kwenye karatasi wameandika hivi: tairi jipya la nyuma, pedi mpya za breki mbele na nyuma, mafuta ya breki yameongezwa, mkanda umekazwa, imeoshwa, programu imesasishwa. Nililipa, nikashukuru, nikaondoka. Sikumaliza hata kilomita mbili nikajua kuna kitu.

Haina ule mvuto. Nikivuta akseleta inaondoka, lakini kama mtu aliyeamshwa usingizini. Asubuhi ikiwa imepoa, inaishia 84 pale pale nilipokuwa nafika 95. Nikishatembea kilomita kumi na kitu inazidi kuchoka, inaishia 76. Kilima cha mwisho kabla ya nyumbani nilikuwa nakipanda kwa 65, sasa napanda kwa 48 huku magari yananipigia honi. Kwenye mteremko inafika 90. Nikifika nyumbani betri imebaki asilimia 14.

Kuna jambo jingine, sijui kama lina maana. Jioni huwa naizima getini na kuisukuma kuvuka ua mpaka mahali pa kuichaji. Ua wenyewe ni tambarare. Nilikuwa naisukuma kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mkoba. Sasa natumia mikono yote miwili na bado nafika nikihema. Lakini asubuhi, nikiirudisha getini kwa njia hiyo hiyo, inakwenda kwa mkono mmoja kama zamani.

Nilirudi kwa wakala. Kijana aliyenipokea aliichomeka kwenye kompyuta, akasema hakuna hitilafu yoyote iliyorekodiwa. Akaizungusha mara moja nje, akarudi akasema iko sawa. Nilipong'ang'ania aliniita pembeni akasema betri imezeeka, ninunue mpya. Bei aliyonitajia inakaribia nusu ya bei ya pikipiki nzima. Nyumbani kaka yangu anasema ni hisia zangu, kwamba mtu akitoa chombo gereji huwa anakisikiliza mno.

Fundi, betri inaweza kufa siku moja namna hiyo? Na kama si betri, nianzie wapi, mimi ambaye hata spana sijui kuishika? Naogopa kutoa fedha zote hizo kisha tatizo libaki pale pale.

Msomaji wako wa kilomita 62.

*

Marahaba, binti yangu, na pole.

Nianze na lililo zito: usiipande tena pikipiki hiyo kwenda kazini mpaka breki zake ziangaliwe, hasa ya nyuma. Sababu nitaieleza, lakini sikutaka ulifikie onyo hili baada ya kusoma ukurasa mzima.

La pili, si hisia zako. Kaka yako hajakosea kabisa, maana ni kweli watu wengi wakitoa chombo gereji huanza kusikia milio iliyokuwapo siku zote. Lakini wewe hukuniletea milio. Umeniletea njia moja, umbali mmoja, saa zile zile, kwa miaka miwili na nusu. Hicho ni kipimo kizuri kuliko mzunguko mmoja nje ya lango la gereji.

Hebu tuhesabu. Zamani ulikuwa unatumia asilimia 69 za betri kwa kilomita 62. Asilimia 69 za kilowati-saa 4.4 ni kama kilowati-saa 3, yaani wati-saa 49 kwa kila kilomita. Sasa unatumia asilimia 86, ambazo ni wati-saa 61 kwa kilomita. Kwa hiyo kila kilomita inakula wati-saa 12 zaidi. Ukiwa unakwenda wastani wa kilomita 60 kwa saa, hizo ni wati 720 zinazoliwa mfululizo, njia nzima. Ni kama umefunga pasi ndogo ya umeme nyuma ya kiti na kuiacha inawaka kutoka nyumbani mpaka kazini na kurudi. Pikipiki ni ile ile, mzigo ni ule ule, na upepo haujabadilika. Umeme huo wa ziada hauwezi kutoweka: umegeuka joto mahali fulani, na kazi yetu ni kulitafuta joto hilo.

Naomba uniruhusu tahadhari moja hapa. Betri ikifunguliwa waya wakati wa sevisi, au programu ikibadilishwa, ile asilimia inayosomeka kwenye skrini inaweza kupotoka kwa siku kadhaa, kwa sababu ni makadirio ya kompyuta iliyo ndani ya betri na makadirio hayo huanza upya. Ichaji mpaka ijae, uiache kwenye chaja saa moja au mbili zaidi ili seli zisawazishwe. Kisha tafuta kile kipimo cha matumizi ya umeme kinachochomekwa kati ya soketi na chaja. Kitakuonyesha kilowati-saa zilizoingia, na hicho hakijali skrini inasema nini. Chaja nayo hupoteza kidogo kama joto, kwa hiyo namba itakuwa kubwa kuliko hizi zetu, lakini itakusaidia kulinganisha kabla na baada ya matengenezo.

Sasa swali lako. Betri ya lithiamu haizeeki siku moja. Huzeeka kama nguo inavyopauka: kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, na wewe ungeona 31 ikawa 29, ikawa 27, ikawa 24. Ni kweli betri inaweza kuharibika ghafla. Kundi moja la seli linaweza kufa, au maji ya kuoshea kwa presha yakapenya mahali pasipopaswa. Hayo hutokea. Lakini wewe umeandika jambo moja katikati ya barua yako, ukasema hujui kama lina maana, na kwangu ndilo lenye maana kuliko yote: ikizimwa jioni ni nzito kuisukuma, asubuhi ni nyepesi.

Pikipiki iliyozimwa haiulizi chochote kwa betri. Unaisukuma wewe, kwa misuli yako. Iwe betri mpya, iwe imezeeka, uzito wa kuisukuma ni ule ule. Kinachoifanya iwe nzito ni kitu kinachoshika gurudumu kwa nguvu za chuma na mpira, na kwa kuwa kinashika ikiwa ya moto na kuachia ikipoa, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni breki.

Angalia tena karatasi yako ya sevisi. Pedi mpya, na mafuta ya breki yameongezwa. Maneno hayo mawili yakikaa pamoja mimi hushtuka. Pedi zikiisha taratibu, pistoni za breki husogea nje kuzifuata, na mafuta kwenye kile kikopo cha juu ya usukani hushuka ili kujaza nafasi iliyoachwa nyuma ya pistoni. Hayajavuja, yamehama tu. Fundi akiweka pedi mpya nene huzirudisha pistoni ndani, na mafuta hupanda tena kikoponi yenyewe. Sasa kama mtu aliyaongeza kabla ya kuzirudisha, au aliyaongeza baadaye apate kuweka alama kwenye orodha yake, kikopo kinajaa mpaka juu na hakuna nafasi ya hewa iliyobaki.

Kinachofuata barabarani ni hiki. Unaondoka asubuhi, breki imeachia vizuri. Unaishika mara kadhaa kwenye makutano, inapata joto, na mafuta yanatanuka. Kwa kawaida yanapaswa kurudi kikoponi. Yakikosa pa kwenda, yanasukuma pistoni, pedi zinagusa diski bila wewe kugusa chochote. Zikigusa, joto linaongezeka, mafuta yanatanuka zaidi, pedi zinabana zaidi. Baada ya kilomita kumi na kitu pikipiki inakuwa kama imeshikwa mkia. Inalala usiku, inapoa, mafuta yanasinyaa, asubuhi unaisukuma kwa mkono mmoja. Mtindo huo huo hutokea pia pale mkono au kanyagio la breki linapokosa ule mchezo mdogo wa milimita chache kabla halijaanza kubana, kwa sababu kitundu cha kurudishia mafuta ndani ya silinda kuu, ile inayosukuma mafuta unaposhika breki, hubaki kimezibwa.

Ndiyo maana nimekwambia usiipande. Breki inayojibana yenyewe inaweza kufunga gurudumu ukiwa kwenye mwendo. Na ikichemka sana unapoteza breki kabisa: mafuta ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu kutoka hewani kadiri miaka inavyopita, na yakishanyonya kiwango hicho hushuka mpaka kama nyuzi 155. Yaliyochemka hufanya mapovu, na ukishika breki mkono unazama mpaka kwenye mpini bila kitu kushika.

Mambo matatu unaweza kuyaangalia mwenyewe ikiwa imepoa, bila spana. Tazama kile kidirisha cha kikopo cha mafuta ya breki: mafuta yanapaswa kuonekana chini ya alama ya juu. Kama kidirisha chote kimejaa na huoni mstari wa usawa, tayari una jibu la kwanza. Kisha sukuma mkono wa breki kwa kidole kimoja polepole, uone kama kuna mchezo kidogo kabla haujawa mgumu. Halafu isimamishe kwa stendi ya katikati, au mtu akusaidie kuinua gurudumu la nyuma, ulizungushe kwa mkono ikiwa imezimwa. Mkanda na mota vitaleta uzito kidogo, hilo ni la kawaida. Lakini sikiliza. Pedi inayogusa kidogo hufanya sauti nyembamba ya kusugua, inakuja na kwenda kila mzunguko, na gurudumu linaendelea kuzunguka kidogo ukiliachia. Gurudumu linalosimama papo hapo, kama mlango uliogota kwenye zulia, limeshikwa.

Kipimo cha moto mwachie fundi, na usimame pale ukiangalia. Aiendeshe mwendo mdogo mahali pasipo na magari mpaka ianze kuwa nzito, kisha arudi. Asiguse diski kwa mkono, na wewe usiguse, ngozi itabaki pale. Adondoshe tone la maji kwenye diski ya nyuma na tone kwenye ya mbele. Tone linaloruka na kuchemka papo hapo linakuonyesha pasi yetu iko wapi. Kisha, gurudumu likiwa bado limeshikwa, alegeze kidogo ile nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa, yaani kile chuma kinachobeba pistoni na pedi. Mafuta yakichuruzika na gurudumu likaachia, basi presha ilikuwa imenaswa ndani, na tatizo liko juu: kikopo kilichojaa, mchezo wa mkono au silinda kuu, au mpira wa kupitishia mafuta ya breki uliovimba kwa ndani. Mafuta yakitoka na gurudumu bado limeshikwa, tatizo liko chini: pistoni au pini za kalipa zimekauka, pedi si za saizi yake, au gurudumu lilirudishwa likiwa limekaa upande walipobadilisha tairi. Kipimo hiki hakichukui dakika tano na ni cha zamani kuliko pikipiki za umeme zenyewe.

Hapa pia utaona kwa nini kompyuta yao haikuona hitilafu. Breki hiyo ni chuma na mafuta, haina waya wa kumwambia mtu kwamba inabana. Kompyuta inaona tu kwamba wewe unaomba umeme zaidi. Simlaumu sana yule kijana kwa kukosa kuliona, ila kukuambia ununue betri bila kukuonyesha namba hata moja, hilo hakupaswa kulifanya.

Mkanda nao waambie wapime mvutano wake kwa kipimo cha mtengenezaji, kwa sababu mkanda uliokazwa kupita kiasi hubana beringi na hula nguvu siku nzima, asubuhi na jioni. Na upepo wa tairi jipya: pima likiwa limepoa, ulinganishe na kibandiko kilicho kwenye pikipiki. Tairi laini hula chaji kimyakimya.

Turudi kwenye zile namba zako, kwa sababu breki haielezi kila kitu. Asubuhi, breki ikiwa imeachia, bado huifikishi 95. Unaishia 84. Hiyo si kazi ya breki inayobana kwa joto, maana joto bado halijaja. Nguvu inayohitajika kupasua upepo hukua kwa kipeo cha tatu cha mwendo: ukitaka mwendo maradufu, unahitaji nguvu mara nane. Ukifanya hesabu hiyo kwa 84 na 95, utakuta mota inatoa kama asilimia 70 tu ya nguvu uliyoizoea. Asilimia 30 zimekwenda wapi kabla hata pikipiki haijapata joto? Naamini una matatizo mawili, si moja, na yote yamezaliwa siku ile ile.

Kabla ya kuamini hilo la pili, jiridhishe na spidi yenyewe. Sheria za nchi nyingi haziruhusu spidomita isome chini ya mwendo halisi, kwa hiyo watengenezaji huifanya isome juu kidogo. Programu mpya, au tairi lenye kimo tofauti na la zamani, vinaweza kubadilisha kile kinachosomeka bila mwendo kubadilika. Breki ikishatengenezwa, mwachie mtu mwenye simu inayopima mwendo kwa setilaiti akufuate, au uiache simu mfukoni irekodi. Ikisema ulikuwa 84 kweli, tuendelee.

Programu inaposasishwa, mara nyingi mipangilio yako hurudi ile ya kiwandani. Modi uliyokuwa umeichagua inaweza kurudi ile ya kubana matumizi. Kikomo cha mkondo kinaweza kushushwa. Breki ya mota, ile inayorudisha chaji unapoachia akseleta, inaweza kupandishwa, na hiyo hukufanya uhisi imeshikwa kila unapopunguza. Wewe umesema kwenye mteremko inafika 90, na hilo linanisaidia: hakuna mtu aliyeweka ukuta wa spidi, maana ukuta wa spidi husimama namba ile ile kila mahali. Kilichopunguzwa ni nguvu. Pitia modi zote kwenye skrini, moja moja. Kama pikipiki yako inaonyesha kilowati, angalia namba ya juu kabisa ukivuta akseleta mpaka mwisho, uilinganishe na iliyoandikwa kwenye kitabu chako.

Kuna mawili madogo ya kuangalia hapo hapo, nayo ni ya dakika moja. Washa pikipiki, simama nyuma yake bila kugusa breki: taa ya breki imezima? Swichi ya breki ikisogezwa wakati wa kubadilisha pedi, taa hubaki ikiwaka, na kontrola nyingi, yaani kile kifaa kinachogawia mota umeme wa betri, zikidhani umeshika breki hukata au hupunguza nguvu ya mota. La pili ni akseleta yenyewe. Ndani yake kuna sumaku na kihisi cha Hall, kilichopewa jina la Edwin Hall aliyegundua tabia hiyo ya umeme na sumaku mwaka 1879. Kikiwa kimetulia hutoa chini kidogo ya volti 1, na ukivuta mpaka mwisho hupanda kuzidi 4. Mpini ukisogezwa ukawa unagota kabla ya kufika mwisho, au programu mpya haikufundishwa mwanzo na mwisho wake, wewe unavuta yote na kontrola inasikia robo tatu.

Sasa betri, kwa sababu siwezi kukuambia si betri bila namba, kama wao walivyokuambia ni betri bila namba. Niliwahi kufanya kosa hilo. Miaka ya nyuma nilimwambia mzee mmoja kwamba betri yake imekwisha. Akanunua nyingine, tatizo likabaki. Tulipofungua tena nikakuta nati ya terminali, pale waya unapofungwa kwenye betri, imelegea, na plastiki iliyo pembeni yake imegeuka kahawia kwa joto. Nilimrudishia fedha zake, lakini uso wake siku ile sijausahau. Muunganiko uliolegea wenye ukinzani wa milioomu 10 tu, ukipitishwa mkondo wa ampea 150, unapoteza wati 225 papo hapo kwenye nati hiyo. Na wewe pikipiki yako imeoshwa, yaani huenda kuna kifuniko kilifunguliwa na waya zikaguswa.

Kwa hiyo waombe wapime volti ikiwa imejaa na imetulia, kisha volti ikiwa imevutwa akseleta yote. Pikipiki nyingi za ukubwa huu zina seli 20 mfululizo, zinaitwa za volti 72, na zikijaa ni volti 84, yaani 4.2 kwa kila seli. Za lithiamu ya chuma na fosfeti hujaa kwa 3.65 kila seli, kwa hiyo soma kibandiko cha yako. Volti zikishuka kidogo unapovuta ni kawaida. Zikianguka sana hata betri ikiwa na chaji ya kutosha, kuna udhaifu, na hapo ndipo wapime kwenye terminali za betri zenyewe na tena upande wa kontrola: zikiwa nzuri kwenye betri na mbovu kwenye kontrola, ni waya au nati. Zikishuka kidogo kuliko zamani na pikipiki bado haivuti, basi hakuna anayeiomba betri nguvu zake, na jibu liko kwenye mipangilio. Waombe pia wakuonyeshe tofauti kati ya seli yenye volti nyingi na yenye chache, betri ikiwa imetulia. Milivolti 20 au 30 hazinisumbui. Mia mbili, mia tatu, hapo nami nitakubali kuongea habari za betri.

Wewe mwenyewe usifungue terminali hizo. Volti 60 za mkondo wa moja kwa moja ndizo mpaka unaotumiwa kwenye vyombo vya umeme kutenga voltiji ya hatari, na yako huenda imeupita. Kontrola nayo hubaki na chaji ndani hata baada ya kuzima.

Ukirudi kwa wakala, nenda asubuhi kabla hawajazidiwa, na uombe kuongea na fundi aliyeigusa kwa mikono yake. Kwenda huko ichukuliwe kwa gari, au waje waichukue. Ni kazi yao waliyoifanya, na breki ni jambo la usalama, wana wajibu wa kuliangalia bila malipo mapya. Mpe namba zako zimeandikwa kwenye karatasi: 31 imekuwa 14, 95 imekuwa 84 ikiwa baridi na 76 ikiwa ya moto, nzito jioni na nyepesi asubuhi. Omba toleo la programu la kabla na la sasa, pamoja na mipangilio ya nguvu kama wanayo. Usiseme kwamba wameharibu. Sema kwamba unataka kuona tone la maji kwenye diski.

Kaka yako mwombe aende nawe. Kama ungekuwa bado unaipanda, hungehitaji kumweleza chochote: jioni moja ungempa tu mpini, ukamwambia aisukume kuvuka ua. Sasa subiri mfike gereji, fundi akishaipasha joto mpe kaka yako aisukume.

Na ile karatasi ya sevisi uiweke mfukoni. Mstari ule unaosema mafuta ya breki yameongezwa, uchore alama pembeni yake, uanze nao.